Milango Niliyoitoboa

Yamumbi,
Eldoret.
Jumamosi, 9 Novemba 2024.

Mpendwa shemeji Javan,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani, na upokee kwanza zile za Mama, maana amesimama mlangoni akihakikisha nimezitanguliza. Mgongo wako unaendeleaje? Binti yetu Lynette alituambia kwamba mwezi wa nane ulilala siku tatu bila kuinuka, na tangu hapo Mama huuliza kila jioni kama huko Gaborone umepata mtu wa kukukanda. Nimemwambia kuna hospitali nzuri. Anasema hospitali haikandi. Basi ukipata nafasi umpigie umtulize mwenyewe, mimi nimeshindwa.

Sisi tu wazima. Ndugu yako Joash bado anafundisha kule Cheptiret, hurudi na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. Mama alifanyiwa operesheni ya jicho la kushoto mwezi wa saba, na sasa anaona vizuri kiasi cha kutuaibisha. Juzi alimwambia pasta mbele ya watu kwamba kola yake imekwisha, aletewe sindano. Mahindi tumevuna. Si mabaya, ila mvua ya mwisho ilitukuta na gunia kadhaa nje, tukayaanika sebuleni, na kwa wiki mbili tulikuwa tukila tumekaa kwenye ngazi ya mlango.

Barua hii nimempa Lynette, anayesafiri kuja kwenu, akuletee kwa mkono. Ningekupigia simu, lakini tangu ule ujumbe wako wa Septemba sijaweza. Uliniandikia maneno matano: Waiyego, umeniharibia jina kwa Johnstone. Wewe ndiwe uliyenifundisha kushika randa nilipoolewa katika boma lenu nikiwa sina kazi wala ufundi. Siwezi kukujibu kwa maneno matano. Keti uisome yote, na mahali nilipokosea mimi mwenyewe utapakuta, sikuparuka.

Unalikumbuka lile jengo la mawe la ghorofa tatu nyuma ya soko, lenye roshani za chuma? Siku hizi ni hosteli ya wasichana wanaosomea uuguzi. Wako arobaini na wanane. Mwenye jengo ni Mzee Mungai, ambaye baba yake alilinunua kutoka kwa Mhindi aliyelijenga. Mwezi wa saba ofisa wa zimamoto wa kaunti, kijana mmoja mtaratibu aitwaye Emmanuel, alilikagua akampa Mzee hadi mwisho wa Septemba abadilishe milango kumi: ya ngazi kila ghorofa, ya jikoni na ya stoo ya magodoro. Milango iliyokuwapo ilikuwa mizuri sana kwa macho, mbao nyekundu zenye nakshi, kioo juu. Lakini chini ya kila mlango paka angepita bila kuinama. Moto ukianza jikoni, moshi ungefika ghorofa ya juu kabla ya mtu kuvaa viatu.

Mzee Mungai aliniita kwa sababu alisikia sifa zangu kwa Nasambu, yule matroni wa nyumba ya wazee ya kanisa kule Kapsoya. Mwezi wa tatu nilikuwa nimeweka milango mitano ya kuzuia moto pale, na Nasambu aliridhika. Milango ile mitano niliinunua kwa Johnstone. Hii kumi pia. Nawe ndiwe uliyenipa namba yake, kwa kuwa mlikua pamoja. Hilo silisemi kwa kulaumu. Nilikuomba mtu, ukanipa mtu uliyemwamini.

Kazi ilianza vizuri, na nikwambie ukweli, nilijiona fundi. Jengo la zamani lina ukaidi wake. Hakuna fremu moja iliyosimama wima. Nyingine imelala upande kidole kizima, na ukitoa ubao unakuta ukuta wa mawe una shimo ambalo mtu alijaza na magazeti. Ukiweka mlango mpya kwenye fremu mbovu umefanya kazi bure, kwa hiyo nilitoa kila fremu hadi kwenye jiwe, nikanyoosha kwa saruji, nikaziba pembeni kwa ile pamba ya mawe isiyoshika moto, ndipo nikasimamisha fremu mpya. Kati ya mlango na fremu niliacha nafasi ya sarafu moja, juu na pande zote. Bawaba za chuma tatu kila mlango. Springi ya kuufunga wenyewe. Na ule utepe wa pembeni ambao ukipata joto huvimba na kuziba nafasi. Nilikuwa nimemaliza mitatu ya ghorofa ya chini, na Mzee Mungai alikuwa akija kuifungua na kuiachilia ijifunge, afungue tena, kama mtu aliyenunua redio.

Siku ya nne nilikuwa ghorofa ya pili nikipima. Fundi mwenzangu Ouma, unamjua, yule mwenye kifua kibovu ambaye akipanda ngazi na ndoo ya maji lazima apumzike katikati, alikuja akipiga mluzi na mlango begani.

Nikamuuliza, "Nani amekusaidia kubeba?"

"Hakuna."

"Umebeba peke yako kutoka chini?"

"Si ni mwepesi tu, Mama. Nimebeba hata ile mingine hivi hivi."

Nilisimama na futi mkononi. Mlango wa kweli wa kuzuia moto saa nzima ni mzigo wa watu wawili, na hao wawili watatukanana. Niliunyanyua mwenyewe. Javan, niliunyanyua kama sinia.

Nilichukua drili nikautoboa katikati. Kwenye mlango mzuri drili hulia, na unga hutoka mzito. Huu drili ilizama kama kisu kwenye parachichi, na kilichotoka ni vipande vya karatasi. Pembeni ulikuwa na ubao wa kushika skrubu, juu umebandikwa plaiwudi safi, na ndani ni katoni iliyokunjwa kama sega la nyuki. Basi. Na kwenye ukingo stika ya fedha inayong'aa: dakika sitini.

Ouma aliingiza kidole kwenye tundu, akakitoa, akakitazama. "Hii hata kuku haiwezi kufungia," akasema.

Mimi sikucheka. Mawazo yangu yalikuwa yameshafika Kapsoya. Stika ile ile, muuzaji yule yule. Wazee ishirini na wawili, na saba kati yao hawainuki kitandani.

Sasa hapa ndipo kosa langu lilipo. Mwezi wa tatu milango ilibebwa na vijana wa kanisa, mimi sikuinyanyua hata mmoja. Lakini niliitundika. Mkono wangu uliusikia wepesi wake kwenye bawaba, na nikafurahi kwamba kazi inaenda haraka. Fundi aliyefanya kazi miaka kumi na minne, nikafurahi! Niliona stika nikaacha kufikiri. Hilo hakunifanyia Johnstone.

Nilimpigia Johnstone palepale. Nikamwambia milango ni ya karatasi. "Karatasi gani?" akaniuliza. "Stika si iko? Imeandikwa dakika sitini." Nikamwambia nimetoboa nikaona. Akapaza sauti: "Nani amekuambia utoboe? Mlango wa moto ukitoboa umeshaharibu. Hiyo sasa ni mali yako, usiniletee." Akakata simu. Ujue, mtu asiyejua angeshtuka na kusema, hiyo si kweli, njoo tuione. Yeye alijibu kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni siku nyingi.

Mzee Mungai naye hakunisaidia siku hiyo. Alikuwa dukani kwake akihesabu mifuko ya mbegu, akanisikiliza bila kuinua kichwa. "Fundi, ofisa anakuja tarehe thelathini. Ataangalia stika. Wewe weka, tumalize." Nikamwambia sitaweka. Akasema, basi atatafuta atakayeweka. Nikamwambia anipe siku tatu, asimwite fundi huyo kabla ya Jumamosi, na Jumamosi yeye mwenyewe aje Yamumbi kwangu saa nne asubuhi. "Kufanya nini?" "Kuota moto, Mzee."

Mchana huo huo mimi na Ouma tulienda Kapsoya. Njiani nilikuwa nikipanga maneno, na kila nilipoyapanga yalikuja na sababu: kwamba nilidanganywa, kwamba stika ilikuwapo. Nilipomwona Nasambu akianua mashuka ya wazee uani, sababu zote ziliniishia. Nikamwambia, "Matroni, milango niliyokuwekea ni bandia. Sikuikagua. Naomba uniruhusu nitoboe mmoja uone."

Alinifuata na mashuka mikononi. Nikatoboa ule wa ukumbi wa vitanda, karatasi ikamwagika sakafuni mbele ya viatu vyake. Akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini, na nilitamani angenipiga: "Na leo wazee wangu watalala wapi?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka kwenye kitanda cha dirishani. Ni mzee mmoja aitwaye Ng'ang'a, ana miaka themanini na mitatu, macho yake yamefifia. Alikuwa seremala wa reli zamani. "Hiyo mlango mimi nilijua tangu Machi," akasema. "Niligonga siku ya kwanza. Inalia kama katoni ya sabuni."

Nasambu akageuka. "Mbona hukusema, Mzee?"

"Nilisema. Nilimwambia dada wa chai. Akaniongeza sukari."

Nilicheka huku nalia, shemeji, sijui kama umewahi kufanya hivyo. Kisha tukafanya kazi. Kuna chumba cha maombi upande wa mbele chenye mlango unaotoka moja kwa moja nje. Tulitoa viti vyote, mimi, Ouma, Nasambu na wapishi wawili, tukahamishia humo wale saba wasioinuka, kitanda kimoja kimoja. Tulizima umeme wa chumba cha kupigia pasi, na Nasambu akapanga watu wa kukesha zamu. Kabla ya giza kuingia wote walikuwa wamehama. Nasambu alinisindikiza hadi getini. Hakuniambia amenisamehe, wala mimi sikumwomba. Aliniambia, "Ungeweza kunyamaza. Hakuna mtu angejua." Nikamwambia Mzee Ng'ang'a alijua. Hapo ndipo alipotabasamu kidogo.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa nimejenga tanuri uani kwa matofali, upande mmoja wazi, nikasimamisha mlango mmoja wa Johnstone pale kwenye uwazi, na fremu yake na utepe wake, sawasawa kama ungekuwa hosteli. Emmanuel alikuja na saa na kamera. Nasambu alikuja. Mzee Mungai alikuja amechelewa, amevaa koti, akakataa kiti. Mama akaleta kiti hata hivyo akamweka chini kwa bega, unamjua mama yako. Joash ndiye aliyewasha kuni.

Sikuhutubia. Nilimpa Mzee Mungai saa ya Emmanuel aishike yeye.

Dakika ya pili moshi ulianza kutoka kwenye tundu la kitasa. Dakika ya nne rangi ya katikati ilibadilika ikawa kahawia, kama chapati ikisahauliwa. Dakika ya tano plaiwudi ikatoa uvimbe. Na kabla ya dakika ya saba mlango ukapasuka katikati, moto ukatoka upande wetu, ukiwa mrefu kuliko mimi. Mama alipiga kelele. Emmanuel alirudi nyuma na kamera yake bado inarekodi.

Mzee Mungai hakusogea. Aliendelea kuitazama ile saa. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. "Dakika sita," akasema. "Wasichana arobaini na wanane, ngazi moja." Halafu akaniuliza, "Na zile tatu ulishaweka kwangu?"

"Nitazitoa Jumatatu asubuhi."

"Toa leo," akasema. "Nitakushikia ngazi mimi."

Na kweli alishika, Javan. Mzee wa miaka sabini na koti lake. Tuliitoa mitatu jioni ile, na hadi milango mipya ilipokuja, wasichana wa ghorofa ya juu walihamishiwa vyumba vya chini ambavyo Mzee alikuwa amepangisha kama ofisi. Aliwaomba wapangaji wake radhi mmoja mmoja.

Sasa nifike kwa Johnstone, maana najua unasubiri. Wiki iliyofuata, baada ya kusikia kwamba Emmanuel anaandika ripoti, alikuja Yamumbi mwenyewe na lori. Alikuwa mpole. Alinisalimia Mama vizuri, akamwuliza habari zako. Kisha akanichukua pembeni akaniambia atachukua milango yake yote, yangu na ya Kapsoya, atanirudishia kila kitu, yaishe kifamilia. "Wewe ni shemeji wa Javan," aliniambia. "Javan ni kama ndugu yangu. Mbona tupelekane kwa serikali?"

Nikamuuliza, "Ukiichukua utaipeleka wapi?"

Akasema hilo halinihusu.

Shemeji, nikwambie nilichofikiri. Nilimwona fundi mwingine mahali fulani akifurahi kwamba milango ni myepesi. Nikaingia karakana nikatoka na drili. Milango ilikuwa imeegemea ukuta, kumi na minne pamoja na ile tuliyoing'oa Kapsoya, ule wa kumi na tano ukiwa majivu. Nikaanza wa kwanza, tundu tatu katikati, kubwa, za kuingiza ngumi. Ouma akachukua drili ya pili. Hakuna stika inayoweza kuuza mlango wenye matundu matatu.

Johnstone alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Unaniua, Waiyego! Unajua unaniua?" Halafu hasira ikamfanya aseme lile ambalo nadhani hakukusudia kulisema. "Unafikiri ni wewe peke yako? Nilileta kontena nzima! Hizi ziko mji mzima na hakuna mtu amekufa!"

Kila mtu pale uani alisikia. Mama alisikia. Johnstone aliondoka na lori tupu, na kesho yake nikapata ujumbe wako.

Maneno yake niliyaandika kwenye taarifa niliyompa Emmanuel, na jina lake nililitaja. Sikulitaja lako, kwa sababu hujafanya kosa. Lakini ningekuwa naandika tena leo, ningeandika vile vile.

Fedha sitazizungumza sana. Milango ya Kapsoya ilikuwa yangu kulipa, kwa kuwa mimi ndiye niliyeiweka bila kuikagua. Niliuza ile mashine kubwa ya kuranda, niliyoinunua mwaka ule wa Mama kuugua. Joash hakunizuia. Alisema tu nimwachie ile ya mkono ili asije akanikuta siku moja nikiranda kwa meno. Kwa hiyo sasa naranda kwa mkono kama ulivyonifundisha, na mabega yangu yanakukumbuka kila jioni.

Milango mipya niliitafuta Nakuru. Kuna kiwanda pale ambacho mwenyewe alikubali kuupasua mlango mmoja mbele yangu kwa msumeno nione ndani. Na nilimchukua Mzee Ng'ang'a. Nasambu alisita, daktari akasema haidhuru akipumzika njiani. Tulimweka mbele kwenye pikapu na blanketi, tukasimama Cheptiret akanywa maziwa kikombe kizima, akalalamika kwamba chai ya Kapsoya ni maji ya kuoshea vyombo. Kiwandani alipita kati ya milango akigonga kwa kifundo cha kidole, sikio limekaribia ubao, meneja akimfuata nyuma kama mwanafunzi. Aligonga kumi na tano. Wa kumi na mmoja akaurudia mara tatu, akasema, "Hii ina ugonjwa kona ya chini." Wakaufungua. Kwenye kona ile udongo usioshika moto unaojazwa ndani ulikuwa haujashikana, umeacha uwazi wa kiganja. Meneja akaubadilisha, kisha akamwomba Mzee aje siku nyingine awafundishe vijana wake kugonga. Mzee akamjibu atafikiria, kama chai yao ni nzuri.

Kapsoya tulianza nako. Kila mlango ulibebwa na watu wanne, na Ouma alikataa hata kuugusa, akasema yeye sasa ni msimamizi. Siku tatu. Siku ya tatu jioni wale saba walirudi kwenye ukumbi wao, vitanda vikapangwa kama zamani. Hosteli tulimaliza tarehe kumi na saba Oktoba, Emmanuel akiwa ameongeza muda. Alikagua kila mlango, akapitisha sarafu juu na pembeni, akapima springi, akatazama nyuma ya dari kama ukuta umezibwa. Alipofika wa jikoni alikuta wasichana wameuwekea jiwe usijifunge, ili waingie na vikombe vyao. Niliona aibu, lakini Mzee Mungai alifanya kazi yangu. Aliwaita wote arobaini na wanane sebuleni, akasimama mbele yao akawaambia kuhusu dakika sita. Lile jiwe alilitoa msichana mmoja mwenyewe, akalipeleka nje akalitupa upande wa pili wa barabara.

Kwa hiyo kwangu mimi, kazi hizo mbili zimekwisha, na nalala. Kanisa limenipa milango ya jengo jipya la wazee, na Mzee Mungai ana jengo lingine la zamani anataka nilitazame Januari. Jina langu halikufa. Nilidhani lingekufa.

Lakini kontena nzima, Javan. Emmanuel amemwita Johnstone mara mbili, na mara zote mbili amesema hana kumbukumbu za aliowauzia. Wakili wake amemwambia anyamaze. Kesi itakwenda, lakini kesi zetu unazijua mwendo wake. Na mahali fulani, labda hapa mjini, labda Kitale, labda Kakamega, kuna ngazi yenye mlango wa karatasi, na watu wanaoishi juu yake wameonyeshwa stika wakashukuru.

Hilo ndilo nililokuandikia. Mimi Johnstone hatanisikia tena. Wewe atakusikia. Mlichunga ng'ombe pamoja, mlifanya mtihani mmoja, ulimsimamia harusi. Mpigie. Usimkaripie, wala usimtetee. Mwombe majina ya majengo tu, hata kama ni ya kukumbuka, hata kama ni nusu. Mwambie hatuendi kumshika, tunaenda kutoa milango. Ukiyapata uniandikie, mimi na Ouma tutaenda moja baada ya jingine.

Umesema nimekuharibia jina. Labda ni kweli, mbele yake. Lakini akikupa majina hayo kwa sababu ni wewe umemwomba, basi litakuwa na kazi kubwa kuliko linalofanya sasa. Sitakasirika ukikataa. Nitajua tu kwamba niliuliza.

Mama anasema nikwambie amekuombea na kwamba ufunge kiuno unapolala. Joash anakusalimu, na anaomba uache kumtumia mashati makubwa, yeye hajanenepa kama unavyodhani. Nisalimie mama watoto na wote wa nyumba yako. Ouma naye anakusalimu, na Mzee Ng'ang'a, ambaye hujawahi kumwona, ameuliza kama Gaborone kuna reli. Mwambie Lynette asikae sana. Nyumba imeanza kuwa kimya tangu afunge mkoba.

Mungu akupe mgongo wenye nguvu na ulimi mwepesi siku utakapoishika simu. Na amlinde kila anayelala usiku huu nyuma ya mlango asioujua, mpaka tumfikie.

Nabaki nikikupenda na kukuheshimu,

Shemeji yako,
Waiyego.